Majibu Yasiyo na Swali

Kila mtu ana kiungo alichojaliwa. Pudensiana alijaliwa masikio. Alizaliwa Karema, kandokando ya ziwa, akafundishwa kupiga chapa na masista katika chumba ambacho bati lake lilikuwa limelegea misumari. Upepo ukivuma kutoka ziwani bati lilipiga kelele, na sista aliyewasomea maneno ya kuchapa hakuwa mtu wa kurudia. Wenzake walinung'unika. Yeye alijifunza kuyadaka maneno yaliyoliwa nusu na upepo. Alipoolewa akahamia Mpanda, alikuwa anaweza kukaa ndani, dirisha limefungwa, akakuambia nani amepita barabarani na kama amevaa ndala au viatu.

Masikio hayo ndiyo yaliyompatia kazi katikati ya miaka ya tisini, Daktari Gelasius alipokuja kutoka Dar es Salaam kufanya utafiti. Huyu hakuwa daktari wa sindano. Alikuwa daktari wa vitabu, mtu mpole mwenye shati lililopigwa pasi hata siku ambazo treni ilimshusha akiwa mwekundu kwa vumbi. Alikodi nyumba nyuma ya stesheni, akafunga jenereta dogo uani, akaweka kompyuta mezani na kuifunika kwa khanga. Alitaka kujua kwa nini warina asali wa pori la Ugalla walikuwa wanaiacha mizinga yao porini. Swali rahisi, ungesema, ungeweza kumuuliza yeyote sokoni. Lakini wasomi hawaamini kitu mpaka kimesemwa na watu wengi na kuchapwa.

Basi kazi ilikwenda hivi. Mwalimu Enoka, mtu wa Njombe aliyeacha ualimu kwa sababu ya mishahara, alipanda treni na tepu yake ya kunasa sauti, akashuka Ugalla, akaingia kwenye kambi za warina asali kuuliza maswali. Akirudi alikuwa na mfuko wa kaseti. Pudensiana aliweka kaseti, akasikiliza, akachapa kila kilichosemwa, swali na jibu, hata kikohozi. Warina asali wale walisema Kiswahili kilichochanganyika na Kikonongo, lugha ya kwao, sauti zao nzito, kuni zinalia, nzi wanavuma. Hakuna mwingine mjini ambaye angewasikia. Alichapa akiwa amefumba macho nusu, na mpiga chapa yeyote atakuambia kuwa ukichapa hivyo maneno yanapita mikononi bila kupita kichwani.

Sasa lazima niseme habari ya Yotham, maana bila Yotham hadithi hii haina miguu.

Yotham alikuwa mumewe, naye alikuwa mrina asali. Kiangazi kimoja alikwenda Ugalla kama alivyokwenda kila kiangazi, na hakurudi. Waliomtafuta waliikuta baiskeli yake imeegemezwa kwenye mninga, mnyororo umepakwa mafuta, pampu iko mahali pake. Yeye hawakumwona, wala nguo, wala mfupa. Kwa ukoo wao, mtu akimezwa na pori namna hiyo ndugu hukata mgomba, huupima kimo cha mtu wao, huuvika nguo yake, hulia, huuzika. Hapo msiba umekwisha na mtu amepata nyumba ya kupumzikia. Ila wa kwanza kulia ni mke. Asipolia yeye, wengine wote wanakaa na machozi yao.

Pudensiana hakulia. Aliwaambia wakwe zake kwamba yeye ni Mkatoliki na hawezi kuzika ndizi akaitwa mjane. Hilo lilikuwa la mdomoni. La moyoni ni kwamba aliogopa: mtu aliyezikwa harudi. Kiti cha Yotham kilibaki mezani, kikafutwa vumbi kila asubuhi, na miaka mitatu ikapita hivyo. Abednego, mdogo wake Yotham, ambaye ndiye aliyebaki na ile baiskeli, alikuja mara kwa mara kukaa barazani na kumwambia maneno yale yale.

"Shemeji, kilio huanza mfiwa. Sisi wa mbali tutaingiaje?"

Naye alimjibu kwamba hajafiwa, akamwongezea chai.

Siku moja Daktari Gelasius alirudi kutoka Dar na disketi za programu mbili za kompyuta. Kaseti zilizochapwa zilikuwa nyingi sasa, na hakuna kichwa cha mtu ambacho kingezishika zote. Ilibidi kuchagua programu moja ya kuzichambulia. Alimweleza Pudensiana taratibu, akichora kwa kidole mezani. Ya kwanza ilikuwa na mbio. Ukiipa neno, ilipita katika mazungumzo yote na kuleta kila mstari wenye neno hilo. Ubaya wake ni kwamba ilitaka mazungumzo yaliyosafishwa, maana tumbo la kompyuta lilikuwa dogo; kila porojo isiyojibu swali ilipaswa kufutwa kwanza. Ya pili ilikuwa nzito kama mzee wa kanisa. Yenyewe haikujua lolote. Ulipaswa kusoma mwenyewe, kukata kipande cha maneno, kukipa lebo. Baadaye ukiita lebo, vipande vyote vilivyobandikwa lebo hiyo vilikuja kukaa pamoja, vikifuatana kwa tarehe, kila kimoja na kambi kilikotoka.

Daktari alikuwa ameshaipenda ile ya kwanza, ungeona machoni. Hata hivyo alikuwa muungwana, akasema atakayekaa na programu mchana kutwa ni dada Pudensiana, kwa hiyo ajaribu zote mbili kisha amwambie.

Akaanza na yenye mbio, akiilisha mazungumzo kwa mafungu madogo kwa kuwa yalikuwa bado hayajasafishwa. Nani angemlaumu kwa neno la kwanza aliloipa? Aliandika: Yotham. Kompyuta ikanguruma kidogo, ikajibu kwa Kiingereza chake kikavu kwamba neno hilo halipo. Katika warina asali wote wale, ambao wengi walikula na Yotham chungu kimoja, hakuna aliyemtaja hata mara moja. Iliuma. Asiyekuwepo na lake halipo, alijiambia, akanyanyuka akanywa maji.

Kisha akageukia usafi. Alitaka kufuta porojo, lakini zilikuwa zimetawanyika kila mahali. Hapo ndipo alipopata wazo: ataitumia ile programu ya pili kuzikusanya takataka, halafu azifute zote pamoja. Akatengeneza lebo akaiita Majibu yasiyo na swali. Wiki nzima alisoma na kubandika. Mwalimu Enoka anauliza jambo hili, mrina asali anajibu jambo jingine kabisa, halafu anarudi kwenye swali kama vile hakutoka. Enoka mwenyewe alikuwa amesema kwamba wazee wa porini ndivyo walivyo, mawazo yao hayafungwi kamba. Pudensiana alibandika bila kufikiri.

Ilikuwa mchana, jua kali, uani jenereta linakoroma na jirani anatwanga. Akaiita lebo. Vipande vikaja, vikajipanga kimoja chini ya kingine, na yeye akaanza kuvisoma kuanzia juu.

Cha kwanza kilitoka kambi ya ng'ambo ya mto. Enoka alikuwa ameuliza mizinga mingapi iliachwa. Masele, mwenye kambi, alikuwa amejibu:

"Hapana, huku sio. Mto umeuacha nyuma. Shika reli, iwe kulia kwako."

Cha pili kilitoka kambi nyingine, mtu mwingine, wiki nyingine. Swali lilikuwa bei ya nta. Jibu: "Hajaolewa. Yuko nyumba ile ile." Cha tatu: "Baiskeli anayo mdogo wako, ameitunza." Cha nne: "Usituulize sisi. Sisi tumekuachia nafasi, ukae uote moto. Nyumba wanajenga wenyewe." Cha tano: "Huioni kwa sababu hawajalia." Na kile cha mwisho, cha kaseti aliyoichapa juzi tu, kilitoka kambi ya karibu kabisa, ambako upepo ukiwa mzuri filimbi ya treni inasikika. Swali: mnawauzia nani asali? Jibu: "Umeshafika. Lakini huwezi kuingia."

Alisoma mara ya pili. Vile vipande, kila kimoja mahali pake, vilikuwa porojo tu. Vilipokaa pamoja vilikuwa mazungumzo na mtu mmoja, ila maneno ya mtu huyo hayakuwepo. Aliweza kuyajaza mwenyewe. Nimepotea wapi? Mke wangu ameolewa? Baiskeli yangu iko wapi? Mbona sioni nyumba? Na kila kambi iliyofuata ilikuwa karibu zaidi na Mpanda.

Hapo akakumbuka kikohozi. Alikuwa amekichapa katika kaseti zile zote, vifupi vitatu na kusafisha koo, akidhani ni Enoka na moshi. Akarudisha kaseti ya Masele, akaongeza sauti, akainamisha kichwa. Enoka alikuwa anauliza swali refu kuhusu mizinga. Kikohozi kilikuja katikati ya swali, Enoka akiwa bado anasema, wala sauti yake haikukatika. Kilikuwa karibu sana na tepu, karibu kuliko Enoka mwenyewe. Vifupi vitatu, na kusafisha koo. Alikuwa amelala kando ya kikohozi kile tangu siku ya ndoa.

Alizima kila kitu akakaa nje juani kati ya watu, akimsikiliza yule jirani anayetwanga mpaka mahindi yakaisha.

Enoka aliposhuka kwenye treni, Pudensiana alimngoja palepale stesheni, akamuuliza kwenye kambi zile huwa anakaa upande gani wa moto. Enoka alicheka. Alisema anakaa penye moshi, wapi pengine, kwani Ugalla mbung'o wanachoma kama sindano na moshi ndiyo dawa yao pekee. Tena kila kambi aliyokwenda, gogo la upande wa moshi lilikuwa wazi, hakuna anayeligombea. Wenyeji walitazamana kidogo alipokaa, kisha wakamkaribisha. Na kukohoa? Hapana, yeye amekulia jikoni kwa mama yake, moshi haumsumbui.

Aliyemweleza mengine alikuwa Abednego. Alipoulizwa habari ya gogo la moshi alichora chini kwa kijiti, akasema kwa sauti ya chini kwamba hayo si maneno ya kusemea mjini. Upande wa moshi ni wa mtu aliyechukuliwa na pori na hajaliliwa. Hawamtaji jina, maana akiitwa ataitika. Wanamwachia gogo tu. Yule mwalimu alikwenda kukalia gogo la mwenyewe, na hakuna Mkonongo atakayemwinua mgeni aliyekwisha kukaa. Ingekuwa aibu. Kwa hiyo wakawajibu wote wawili, mgeni na mwenye nafasi, kila mmoja kwa zamu yake.

"Wewe ulijua kwamba ni yeye?" Pudensiana aliuliza.

"Kila anayetoka porini ananiambia. Ningekuambiaje, shemeji, wakati umesema hujafiwa?"

Alimwonea hasira, akajionea hasira zaidi. Kwa miaka mitatu alijisifu moyoni kwamba anamtunzia mumewe nafasi mezani, kumbe nafasi ile ndiyo iliyomfungia mlango. Na sasa Yotham alikuwa nje, karibu na mji, anasikia treni. Kumzika ni kumpoteza kabisa. Kutomzika ni kumwacha akizunguka na kuuliza njia, na watu wa kambi wanachoka kumjibu. Angependa kuwe na njia ya tatu. Haikuwepo.

Kesho yake alikwenda kwa Daktari Gelasius, aliyekuwa tayari anataka jibu la programu. Alikuwa amepanga maneno ya kitaalamu njiani, yakampotea mlangoni.

"Daktari, tukiichukua ile ya kwanza, kuna mtu tutamfuta."

Daktari aliuliza ni nani. Akamwambia ni mumewe, akamwonyesha vipande, akamsikilizisha kaseti. Daktari alisikiliza kikohozi mara moja, akaomba kisirudiwe. Hakucheka, na hilo Pudensiana alimheshimia mpaka mwisho. Alisema tu kwamba hajui akiandike wapi kitu kama hicho, na kwamba hakitafutwa chochote mpaka Enoka alete kaseti nyingine. Kisha akaifunika kompyuta kwa khanga mchana kweupe, akatoka kwenda kunywa chai sokoni penye watu.

Jumamosi Pudensiana alikwenda kwa wakwe zake akiwa na shati la Yotham mkononi. Hawakuuliza kitu. Abednego aliukata mgomba nyuma ya nyumba, mgomba mzuri ulionyooka, kisha wakafikia mahali ambapo pia mke peke yake ndiye anayefaa: kuonyesha kimo. Waliusimamisha. Ilimbidi asimame nao kifua kwa kifua, kama alivyokuwa akisimama na mumewe mlangoni kila kiangazi akimuaga, na kusema wakate wapi. Sikio lake lilikuwa likifika chini kidogo ya bega la Yotham. Aliliweka hapo. Mgomba ulikuwa wa baridi na maji yalikuwa yanashuka ndani yake polepole, akayasikia. Akasema, hapa, ongeza shingo na kichwa. Kisha akalia, na kilio alichokizuia miaka mitatu kilitoka kwa nguvu hata yeye akakiogopa, na ukoo mzima ukaingia nyuma yake kana kwamba mlango umefunguliwa. Waliuvika mgomba lile shati, wakauzika kabla ya jua kuinama.

Enoka alirudi porini wiki iliyofuata bila kuambiwa lolote. Alikwenda kwa Masele tena, ng'ambo ya mto, kuuliza yale aliyoyasahau mara ya kwanza. Alipoleta kaseti, Pudensiana alifunga mlango wa ofisi, akaiweka, akafumba macho yote mawili.

Enoka aliuliza habari ya mizinga. Masele akajibu habari ya mizinga. Akauliza bei, akajibiwa bei. Aliuliza wanunuzi, mvua, moto wa porini, askari wa pori la akiba, na kila swali lilipata jibu lake, safi, hakuna hata neno la kufuta. Kila Enoka alipovuta pumzi Pudensiana aliinamisha kichwa akingoja vile vifupi vitatu. Kuni zililia. Nzi walivuma. Alikuwa amemzika ili apumzike, na hapo mezani, vidole viko tayari juu ya kompyuta, alijikuta anaomba akohoe hata mara moja. Alimkosa Yotham siku ile kuliko siku waliyoileta baiskeli.

Upande wa kwanza wa kaseti ulipokaribia mwisho maswali yalikwisha. Kisha ikaja sauti ya Masele, ya kawaida kabisa, ikimwambia Enoka.

"Mwalimu, sogea huku, moshi utakuumiza bure. Hapo hakuna mtu."

Hakuna aliyekuwa ameuliza. Pudensiana aliyachapa maneno hayo kama yalivyosemwa, akayakata, akayabandika lebo. Alipoiita, vipande vyote vikaja kwa mpangilio wao, na hicho kikakaa chini ya vingine vyote. Akamwita Daktari Gelasius aje achague programu.